Mtihani wa Kiingereza na Kiti Kitupu cha Jumamosi



Kila mwaka zikipita sikukuu za Desemba, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Maneno hutofautiana kidogo, maana ni ileile: "Mwalimu, samahani sana, mtoto atapumzika Kiswahili kwanza. Septemba ana mtihani, na Jumamosi asubuhi tumempatia mwalimu wa Kiingereza." Huwa najibu kwa adabu, namwombea mtoto heri, na kiti chake kinabaki kitupu. Wachache hurudi. Wengi hawarudi, kwa kuwa baada ya mtihani huja sekondari, sekondari nayo ina mambo yake, na mtoto wa miaka 13 aliyekaa miaka mitatu bila kuja darasani huona haya kuanza tena pamoja na wadogo zake.

Leo naujibu ujumbe huo kwa kirefu, mbele ya wote. Sitasema mtihani si kitu, maana si kweli na nyinyi mnajua si kweli. Siku za juma nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Nakaa na watoto wa mwaka wa tano na wa sita, meza moja, kitabu kimoja, tunasoma na kujibu maswali. Karatasi hizi za mtihani nimezifungua mara nyingi hata zingine naweza kukuambia swali la ngapi linahusu nini. Ni kwa sababu ya hizo karatasi ndiyo naandika.

Kwanza tuelewane mtihani wenyewe ni upi, kwa sababu tumekuwa tukiichanganya. Hapa England kuna ule wa kusoma unaofanywa na watoto wa mwaka wa sita katika shule za serikali, mwezi wa Mei: saa moja, alama 50. Huo haumzuii mtoto kwenda sekondari yoyote. Halafu kuna ule wa miaka kumi na moja, wanaouita "eleven-plus", wa kuingilia shule za sekondari zinazochagua wanafunzi kwa mtihani. Uliingia baada ya sheria ya elimu ya 1944. Zamani karibu kila mtoto aliufanya. Siku hizi shule hizo zimebaki 163 katika England nzima, na Wales na Scotland hazina hata moja. Kwa hiyo wengi wenu mnaoishi kwenye miji isiyo na shule hizo mnahangaika na mtihani ambao mtoto wenu hataufanya. Ulizeni kwanza. Wale ambao mtoto ataufanya, ni Septemba, mwanzoni mwa mwaka wa sita. Na baadaye, akiwa na miaka 16, kuna GCSE, ambayo hakuna anayeikwepa.

Ukiziweka karatasi hizo zote mezani, upande wa lugha zinazunguka mambo matatu. Moja, maana ya maneno magumu. Pili, kueleza jambo kwa maneno yako mwenyewe. Tatu, lugha ya picha: mwandishi amesema hivi, alimaanisha nini, na kwa nini alichagua kusema hivyo.

Nianze na maneno, kwa sababu hapo ndipo fedha zinapokwenda. Mzazi hununua kadi mia tano zenye maneno ya Kiingereza mbele na maana nyuma, mtoto anakariri kumi kila usiku. Haidhuru. Karatasi za miaka kumi na moja bado zinauliza neno lipi lina maana sawa na lipi, na lipi ni kinyume chake, kwa hiyo mwenye akiba ya maneno atafaidi. Lakini kadi zina kikomo chake, na Wamarekani waliligundua hilo kabla yetu. Mtihani wao wa SAT wa kuingilia vyuo ulianza 1926, na kwa miaka mingi ulisifika kwa maneno ambayo hakuna mtu aliyeyatumia isipokuwa siku ya mtihani. Maswali ya kinyume yakaondolewa 1994. Maswali ya mlingano, yale ya "hiki kwa hiki ni kama kile kwa kile", yakaondolewa 2005. Mwaka 2016 yakafuata yale ya kujaza pengo kwa neno la nadra. Wakati huo binamu zenu kule walianza kuulizwa neno la kawaida, ila waliulizwa lina maana gani hapa, katika sentensi hii. Karatasi ya Mei ya mwaka wa sita inauliza hivyohivyo: tafuta katika aya hii neno linaloonyesha kwamba mzee alikuwa amechoka.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kadi. Linajibiwa na mtoto aliyezoea kwamba maneno mawili yanayofanana hayalingani uzito. Na hilo, wazazi wenzangu, watoto wetu wanaweza kulijua kabla ya kufungua kitabu chochote cha Kiingereza. Chukua kuona. Mtu anachungulia, anatazama, anatupa jicho, anakazia macho, anakodoa macho, anakata jicho. Mtoto aliyewahi kukatwa jicho na shangazi yake mbele ya wageni hahitaji kufundishwa kwamba kukata jicho si sawa na kutazama. Siku atakapokutana na "glare", nitamwambia ni shangazi, na amemaliza. "Glance" ni kutupa jicho. "Peep" ni kuchungulia. Au chukua wivu, kijicho na husuda. Waulize watoto darasani yupi mbaya zaidi, mwenye wivu au mwenye husuda, watabishana mpaka kengele igonge. Mabishano hayo ndiyo kazi yenyewe inayotakiwa kwenye karatasi, ila yamefanywa kwa lugha ya nyumbani.

Hata muundo wa maneno yetu unasaidia. Mtoto anayejua kwamba kutoka lima anapata mkulima, kilimo, limwa na limika amezoea kulivunja neno na kuangalia ndani yake kuna nini. Akielezwa mara moja kwamba "bene" ya Kilatini inahusu wema na "mal" inahusu ubaya, anaanza kuyabahatisha maneno marefu ya Kiingereza na mara nyingi anapatia.

Lakini nisitie chumvi. Kiswahili hakitampa mtoto neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia. Kwa hilo hakuna njia ila kusoma vitabu vya Kiingereza, vingi, vya kila namna, na maktaba zetu bado ni za bure. Mtoto asiyesoma hatafaulu kwa sababu anajua methali.

Sasa jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kueleza kwa maneno yako mwenyewe.

Hapa ndipo watoto wengi wanapopoteza alama, wa lugha zote, Waingereza wenyewe wakiwamo. Swali linasema eleza kwa maneno yako, mtoto ananakili sentensi ya kitabu, anabadilisha neno moja, anaendelea mbele. Si uvivu. Maneno ya mwandishi yako mbele ya macho yake, yamepangwa vizuri, na kichwani hana mengine. Ukimwambia "sema kwa namna nyingine" anakutazama tu. Namna nyingine ipi?

Zoezi ninalolipenda linahitaji simu na bibi. Kama kwenu mnasema nyanya, basi nyanya. Mtoto anasoma aya moja ya kitabu chake cha Kiingereza, anakifunga, anampigia bibi yake Tanga, Mombasa au Bukavu, na anamsimulia aya hiyo kwa Kiswahili. Basi. Angalia linalotokea. Hawezi kunakili, kwa sababu bibi hajui Kiingereza. Hawezi kuruka asichokielewa, kwa sababu bibi atauliza. Na bibi huuliza kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona: "Sasa huyo mtoto alikwenda peke yake? Mama yake alikuwa wapi?" Akishamaliza, mtoto anaandika aya hiyo kwa Kiingereza bila kufungua kitabu. Anachoandika hakifanani na cha mwandishi, kwa kuwa kimepita nyumba nyingine kabla ya kurudi.

Nikupe mfano. Sentensi ni hii, nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa: "The boy reluctantly agreed to share his room with his cousin." Kijana mmoja wa darasa la wakubwa alikuwa na tabu na hilo neno la tatu. Kadi yake ilisema "unwillingly", neno ambalo nalo hakulijua, maana kadi nyingi humweleza mtoto giza kwa giza jingine. Alipomsimulia bibi yake alisema, "Alikubali kulala na binamu yake chumbani, lakini hataki." Bibi akamjibu, "Aa, alikubali shingo upande." Kijana hakuwahi kuusikia msemo huo. Aliucheka, akajaribu kuinamisha shingo yake akisema ndiyo, ndiyo, sawa, akajiona kwenye kioo. Siku ya pili aliandika kwa Kiingereza kwamba mvulana alisema ndiyo lakini uso wake ulisema hapana. Hayo ni maneno yake mwenyewe, hayako kwenye kitabu, hayako kwenye kadi, na hayako hata kwenye msemo wa bibi. Kiingereza chake kimepata neno, Kiswahili chake kimepata nahau, na bibi amepata simu ya dakika 20 kutoka kwa mjukuu ambaye kwa kawaida humpa "shikamoo" na "sawa" halafu anarudisha simu kwa mama.

Hapo nitaje jambo linaloniuma kidogo. Kiswahili cha nyumba zetu nyingi huku ughaibuni kimekuwa cha amri. Njoo ule. Vaa viatu. Umeoga? Zima hiyo. Mtoto wa miaka minne kinamtosha. Akifika miaka tisa au kumi, ndio umri wa kuanza kupewa mafumbo, methali, utani wa wakubwa, habari ndefu zenye kona, na ndio umri huohuo tunaomtoa darasani kwa sababu ya mtihani. Kwa hiyo Kiswahili chake kinasimama kwenye njoo ule. Baadaye tunasema mtoto hapendi lugha yake.

Jambo la tatu ni lugha ya picha, tunayoiita tamathali za semi. Sentensi nyingine ya kwangu: "The wind clawed at the shutters and the old house groaned." Swali: mwandishi anafanyaje usiku huo uonekane wa kutisha? Jibu la watoto wengi ni kwamba upepo ulikuwa mkali. Kweli, lakini hilo ni nusu ya jibu. Mimi huwauliza kwa Kiswahili. Nani ana makucha? Paka, simba. Paka anaparura mlango wakati gani? Akitaka kuingia. Haya, upepo unataka nini? Kuingia! Na nani hugumia? Hapa karibu kila mwaka kuna mtoto anayejibu, "Babu, akiinuka kwenye kochi." Vizuri sana, basi nyumba hiyo ikoje? Imezeeka, viungo vinauma. Sasa andika hayo kwa Kiingereza. Wanaandika kwamba upepo ni kama mnyama anayetaka kuingia ndani, na nyumba ni kama mzee anayeumia. Mwaka wa sita, hiyo ndiyo alama ya pili waliyokuwa wakiikosa. Kwenye GCSE swali linarudi likiwa limekua tu: karatasi ya kwanza ya bodi ya AQA ina swali la alama 8 linalotaka mtoto aeleze mwandishi ametumiaje lugha, maneno gani, tamathali gani, na zimeleta nini.

Majina ya tamathali nayo si mageni kwa mwanafunzi wetu. Upepo kupewa makucha na nyumba kupewa viungo vinavyouma ni tashihisi, au jamaa yake wa karibu. Tashbihi anaijua kwa "kama". Chuku anaijua kwa mjomba wake. Tafsida anaijua tangu msiba wa kwanza aliousikia ukitangazwa, tuliposema mtu ameaga dunia na Waingereza wakasema "passed away", kila mtu akilikwepa neno lilelile. Na tanakali za sauti tunazo kuwazidi wao: mtu anatumbukia chubwi, kimya kinakuwa jii, giza totoro, nguo nyeupe pe. Mtoto aliyekua na chubwi hatashangaa mwandishi wa Kiingereza akiandika "splash", na ataweza kusema kwa nini ameiandika.

Lakini hapa panahitaji uangalifu, na nawaomba wanafunzi msome sehemu hii wenyewe.

Picha hazisafiri hivihivi. Angalieni chumvi. Ukimwambia Mswahili anatia chumvi, umemwambia anaongeza maneno, anakuza habari. Mwingereza akisema habari ichukuliwe na "a pinch of salt", chumvi iko upande wa msikilizaji: usiiamini yote. Na mtu aliyekula chumvi nyingi kwetu ni mzee aliyeishi miaka mingi, wala hana ugonjwa wa presha. Chumvi moja, sahani tatu. Au mkono mrefu. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi. Kwa Waingereza mkono mrefu, "the long arm of the law", ni wa sheria inayomfikia mwizi popote alipojificha! Mwizi wao ana vidole vyepesi, "light-fingered". Bahili wao amefumba ngumi, "tight-fisted". Bahili wetu ni mkono wa birika, ule uliojikunja daima na haunyooki kutoa kitu. Hofu yetu iko tumboni, tunasema tumbo joto. Yao nayo iko tumboni, ila ni vipepeo, na ikizidi mpaka mtu akaghairi jambo inashuka miguuni na kuwa baridi.

Mtego mbaya kuliko yote ni moyo. Sisi tukisema mtu amevunjika moyo, tunamaanisha amekata tamaa, hana hamu ya kuendelea. Mtoto akiandika kwamba mchezaji alikuwa "heartbroken" ndiyo maana akaacha mazoezi, msomaji wa Kiingereza atadhani kuna msiba au mapenzi yaliyoharibika. Neno alilolihitaji ni "discouraged" au "disheartened", na hilo la pili lina moyo ndani yake, ila moyo umeondolewa, haukuvunjwa. Makosa ya namna hii hayatokani na kujua Kiswahili. Yanatokana na kukijua nusu na Kiingereza nusu, na kutowahi kuziweka nusu hizo mbili mezani pamoja. Wanafunzi wa darasa la wakubwa wana daftari la kurasa mbili zinazotazamana: kushoto msemo wa Kiswahili, kulia wa Kiingereza wenye maana hiyo, na chini yake mstari mmoja unaosema picha zinaachana wapi. Kurasa za moyo peke yake zimefika nne. Moyo mgumu, moyo mweupe, kupiga moyo konde, kutia moyo. Bado hatujafika roho, na roho ni bahari nyingine.

Sasa nyinyi wazazi. Najua sababu ambayo ujumbe ule hauitaji. Mzazi anaona Kiingereza chake hakitoshi, anaogopa kumpoteza mtoto, anaona heri amkabidhi kwa mwenyewe. Nimeambiwa hivyo na akina mama kadhaa, kwa sauti ya chini, pale jikoni tunapoosha vikombe. Nawauliza: wewe hukufanya ufahamu? Hukufanya ufupisho? Uliyesoma Kenya hukupewa taarifa ndefu katika mtihani wa kidato cha nne, ukaambiwa uifupishe kwa maneno kadhaa na kueleza misamiati kama ilivyotumika? Uliyesoma Tanzania au Zanzibar hukuulizwa methali hii ina maana gani na hutumika wakati gani? Wenzetu wa Kongo na Burundi walifanya kazi hiyohiyo kwa Kifaransa. Mtihani unaomtisha mtoto wako ni mtihani ulioufanya wewe. Lugha ya karatasi imebadilika, kazi ni ileile. Hujui neno la Kiingereza? Mwambie akusomee sentensi, akueleze kwa Kiswahili, nawe uliza kama bibi anavyouliza. Yupi? Kwa nini? Ina maana alifurahi au alijifanya? Utajua kama ameelewa hata kama wewe hukuielewa sentensi yenyewe. Akigugumia, hajaelewa.

Siahidi alama. Yupo aliyebaki nasi mpaka wiki ya mtihani na hakuipata shule aliyoitaka, na yupo aliyeondoka akaipata. Shule zile zina nafasi chache na zinagombewa na watoto wengi, na karatasi ya miaka kumi na moja ina hesabu pia, na maswali ya mantiki ambayo Kiswahili hakiyagusi. Ninachosema ni kidogo kuliko ahadi. Saa mbili za Jumamosi haziibi kitu kutoka kwenye mtihani wa Kiingereza, na kama mwalimu wa masomo ya ziada ni wa lazima, wengi wao wanafundisha pia siku za juma jioni. Ulizeni kabla ya kuwafutia watoto Jumamosi.

Kwa upande wetu kuna mabadiliko. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, nusu saa ya mwisho kwa watoto wa mwaka wa tano na wa sita itakuwa ya kazi hii niliyoieleza: aya moja ya Kiingereza, kuisimulia kwa Kiswahili, kuiandika upya kwa Kiingereza, na mstari mmoja kwenye daftari la semi. Karatasi za zamani za mtihani wa Mei ziko bure kwenye tovuti ya serikali, msinunue. Nitachapisha za kutosha. Mtoto aje na penseli, kitabu chochote cha Kiingereza anachokisoma sasa hata kama ni cha mpira wa miguu, na namba ya simu ya bibi. Kama huko aliko bibi ni saa ya kupika, tutampigia babu.